Wimbo Uliokatiza Kurasa Zangu

Bariadi, jioni ya kuamkia safari yako

Minza mwanangu, mayu,

Mambo ya sweta, dawa za kichwa na nani wa kumpigia simu ukifika, mama yako ameshayamaliza. Mimi siongezi hata moja. Hivi ninavyoandika mko uani mnafunga michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwenye mfuko, na nasikia mnabishana kama watu wa uwanja wa ndege huko ng'ambo wataiacha ipite. Mimi nimejifungia chumbani nikasema nina madaftari ya kusahihisha. Shule imefungwa, na wewe unajua.

Nataka kukuandikia juu ya siku ile ya ukumbi wa parokia. Ulikuwepo, tena ulikuwa katikati yake kabisa, lakini ulikuwa umeinamia chelo yako na macho umeyafumba. Mimi nilikuwa nimesimama, macho wazi, na karatasi mkononi. Kuna upande wa siku ile niliouona peke yangu, na kuna mambo yaliyoitangulia ambayo hatujawahi kukaa tukayazungumza.

Nianze mbali kidogo. Bibi yako, ambaye umebeba jina lake na ndiyo maana nakuita mayu, yaani mama, alikuwa msimulizi wa hadithi kule Zagayu. Hakusimulia kwa kukaa mbele ya watu. Alisimulia akiwa kazini. Msimu wa pamba ukifika, mchana jua likipungua makali, wanawake wa nyumba zetu walikaa kivulini ukutani wakichambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, na mikono yao ilikwenda yenyewe bila kuangaliwa. Sisi watoto tulilala juu ya lundo la pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Ina joto lake ile pamba, joto la jua lililobaki ndani, na ina harufu ya majani makavu na vumbi. Ukilala pale mwili unapoteza uzito. Hujui kama umelala au bado unasikiliza.

Hadithi niliyoipenda ilikuwa ya msichana aliyepotelewa na ng'ombe wake, mtamba mweupe, mwaka wa kiangazi kirefu. Akatoka nyumbani kumtafuta, akashuka upande wa Mwanhuzi ambako nchi ni kavu na miti iko mbalimbali, na kila alipofika mahali alimwita yule mtamba kwa wimbo. Sasa sikiliza jambo hili. Bibi yako hakusema, "ndipo msichana akaimba." Hakulisema hata siku moja. Maneno yalikwenda, yakakwenda, halafu yakaisha katikati ya njia, na sauti yake ikaendelea bila hayo maneno. Akawa anaimba. Wenzake wakaitikia bila kuinua vichwa. Wimbo ulipokwisha, hadithi ilikuwa imefika mahali pengine, nami sikujua tumepitaje.

Mwisho wake sikuwahi kuusikia. Kila mara nilishikwa na usingizi mle ndani ya pamba.

Nikakua, nikasoma, nikawa mwalimu wa fasihi, na kadiri nilivyofundisha ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba neno ndilo lenye nyumba na muziki ni mpangaji. Niliwafundisha watoto wa watu hivyo. Basi Sista Agripina alipoletwa parokiani kwetu na masanduku yake ya fidla, akakuchagua wewe kwa chelo, ile fidla kubwa ya kukumbatia kwa magoti, unakumbuka nilichosema. "Itakusaidia nini?" Nilikuwa nimekwisha kukupangia udaktari.

Halafu bibi yako akapata kiharusi. Tulimleta hapa Bariadi, tukampa chumba cha mbele chenye dirisha la kuangalia barabarani. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Maneno hayakurudi. Lilimbakia neno moja tu, "basi." Akitaka maji alisema basi. Akiumwa alisema basi. Ukiingia na sare za shule alikutazama machoni, akafungua mdomo kwa nguvu zote, ikatoka ile ile: "Basi. Basi." Mwanamke aliyekuwa na maneno kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Na wakati huo ndipo nilipokukataza kufanya mazoezi nyumbani. Nilisema kelele za chelo zitamchosha mgonjwa. Ukawa unaibeba mgongoni mpaka parokiani na kurudi, katika jua lote lile, na bibi yako dirishani akikuangalia unavyokwenda.

Alasiri moja Sista alikuja kwetu. Alivuta kigoda cha jikoni, akatusalimu "mwadila" kwa lafudhi yake ya Bukoba, mama yako akacheka.

"Mwalimu," akaniambia, "tuna kipande cha muziki wa kale wa Ulaya, cha wapigaji wanne. Mimi, wale vijana wawili wa kwaya, na Minza. Mtunzi wake alikitunga baada ya kusoma shairi."

"Shairi linasema nini?"

"Ni la kwao, hata mimi silijui vizuri. Wenzetu wana kawaida hiyo. Mtu anasoma kitabu, kinamkaa moyoni, halafu anakiandika upya kwa nyuzi bila neno hata moja. Na siku ya kukipiga, mara nyingine wanamweka msomaji kando ya wapigaji. Anasoma kidogo, wanapiga. Anasoma tena, wanapiga. Nataka tufanye hivyo hapa, lakini kwa hadithi ya hapa. Minza ameniambia habari za mtamba mweupe."

Niligeuka nikakutazama. Ulikuwa mlangoni, umeshika fremu.

"Na wimbo wenyewe anaujua," Sista akaendelea. "Alimsikia bibi yake akiuimba huko Zagayu wakati wa likizo. Ile sehemu ya polepole katikati, nimeona unaingia vizuri kabisa. Chelo itaubeba."

Nilikubali kabla hajamaliza kunywa chai. Niseme kweli, sikukubali kwa ajili ya muziki. Nilikubali kwa sababu nilijiona nimesimama mbele ya ukumbi, nikisoma maneno yangu mwenyewe.

Niliandika, mwanangu. Niliandika kila jioni, nikaijaza hadithi ile vitu ambavyo mama yangu hakuwahi kuvitia. Nilieleza kiangazi, nikaeleza vumbi, nikaeleza moyo wa msichana umekaaje kifuani. Kwa kuwa sikuujua mwisho, nilitunga wangu: mtamba mweupe anarudi nyumbani jua likizama, watu wote wanafurahi. Na pembeni niliandika mahali ambapo sauti yangu ingepita juu ya muziki, chinichini, kama wanavyofanya redioni.

Sista alisoma kurasa zile akiwa amesimama kwenye veranda ya parokia.

"Hapa umeandika, 'fidla sasa inalia kama mama aliyefiwa,'" alisema. "Ukishawaambia inalia, wao watabaki na kazi gani?"

"Watu wetu hawajauzoea muziki huu, Sista. Wasipoelezwa watapotea."

"Waache wapotee kidogo. Kwani msichana wa hadithi naye hakupotea?"

Nilinuna. Nilirudi nyumbani nikakata kata, nikampelekea kurasa chache alizozitaka. Lakini Jumapili ya onyesho, nilipovaa koti, zile ndefu ndizo nilizotia mfukoni.

Ukumbi ulijaa kuliko tulivyotegemea. Pamba ilikuwa imekwisha kuuzwa na watu walikuwa na nafasi. Walikuja walimu wenzangu, walikuja wakulima na wake zao, kina mama walibeba watoto mgongoni, na nyuma kabisa walisimama wazee wenye ng'ombe waliosikia kwamba kuna ngoma ya wazungu itapigwa na mtoto wa Mwalimu. Mabati yalikuwa yanapasuka pasuka kwa joto. Mwanga uliingia kwa mistari kupitia matofali ya matundu, na ndani ya ile mistari vumbi lilielea polepole sana, ukiliangalia muda mrefu unasahau ulichokuja kufanya. Mama yako alimkalisha bibi mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, akamfunga kitenge kipya.

Nilisoma. Watu walicheka palipochekesha na kuguna palipohuzunisha. Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye spika, nikaipenda. Mlipopiga sehemu ya kwanza mlipiga vizuri, nadhani. Sina hakika, kwa sababu nilikuwa natazama ukurasa unaofuata.

Kisha ikaja ile sehemu ya polepole. Nakumbuka fidla zilianza mbali, zimelala, kama zinasikika kutoka nyumba ya tatu. Mimi nikaanza kusoma juu yake, kama nilivyopanga. Sista alinitupia jicho, nikajifanya sikuliona. Ndipo chelo yako ikaingia na wimbo wa mtamba.

Mwanzoni nilidhani ni bawaba ya mlango. Sauti nyembamba, kavu, inayojaribu kufunguka. Halafu nikasikia maneno. Maneno ya Kisukuma, kamili, moja baada ya jingine, ya msichana anayemwuliza ng'ombe wake umelala upande gani, umekunywa maji ya nani. Nikainua macho. Bibi yako alikuwa amekaa wima, mikono miwili juu ya magoti, vidole vyake vinachambua pamba isiyokuwepo, na anaimba.

Nami nikaendelea kusoma.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na sasa nimefika naona uzito. Mtu anaweza kufikiri sikutambua. Nilitambua. Nilisoma mstari mmoja na kipande cha mstari wa pili nikiwa najua kabisa kwamba anayeimba ni mama yangu ambaye hajatamka neno ila "basi" tangu augue. Mdomo wangu ulikuwa umeshika njia ya karatasi na haukujua njia nyingine. Kwenye spika sauti yangu ilikuwa kubwa, na yake ilikuwa chini yangu inatafuta pa kupita.

Mama yako ndiye aliyeinuka. Hakukimbia. Alikuja mpaka mbele, akachomoa maiki kwenye stendi yake karibu kabisa na midomo yangu, akaniambia kwa sauti ile ile anayoniambia chakula tayari, "Baba Minza, nyamaza. Mama anaongea." Akaenda akapiga goti, akamshikia bibi maiki.

Nilibaki nimesimama pale bila kazi. Karatasi zilikuwa bado mkononi. Na kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia mnachokipiga.

Wimbo ulikuwa mfupi kwenye noti zenu, naujua, Sista alishanionyesha. Ulifika mwisho na bibi yako bado ana maneno. Wewe hukungoja. Hukumwuliza mtu. Ulirudi mwanzo wa wimbo, upinde haukuinuka hata kidogo, na Sista akafungua macho kwa mshangao, akakufuata, na wale vijana wawili nao wakafuata. Ukarudi tena. Na tena. Mara ya tatu wanawake fulani wa Zagayu waliokuwa nyuma wakaanza kuitikia, taratibu, wameinamisha vichwa, kama vile mbele yao kuna pamba. Muziki wa watu waliokufa zamani huko kwenye theluji ulikaa chini yao, ukawabeba, wala haukuonekana kuona ajabu. Sikuweza kujua tena ni wapi panaishia kitabu cha mtu yule wa Ulaya na wapi inaanza hadithi ya mama yangu. Nilihisi joto la lundo lile mgongoni. Nilikuwa mtoto, nimelala, lakini safari hii usingizi haukunichukua.

Kwa hiyo niliusikia mwisho, nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Mtamba mweupe harudi. Msichana anaimba mpaka sauti inakauka, na kutoka kwenye vichaka anatoka ndama mwekundu, wa watu asiowajua, amekonda, ameufuata wimbo. Msichana anamtazama. Anamwambia, mimi sikukuita wewe. Ndama anasimama tu. Basi msichana anamfungulia kibuyu chake, anamnywesha maji yaliyobaki, anakwenda naye nyumbani.

Bibi yako alipofika hapo alinyamaza. Chelo yako ilibaki peke yake kidogo, halafu nayo ikaacha. Mzee mmoja nyuma alisema "wabeja," asante, kwa sauti ya chini, akavaa kofia yake, akatoka nje.

Ungedhani baada ya pale alipona. Jumatatu asubuhi nilikwenda chumbani kwake mbio, nikamwuliza ameamkaje, akafungua mdomo, "Basi." Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia, wewe ulikuwa shule. Halafu sijui nilipata wapi ule wazimu. Nikaimba. Mimi, ambaye hata kanisani nasogeza midomo tu. Niliimba salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu," kwa sauti ya wimbo wa mtamba. Akanitazama sana. Akaimba na yeye, "Mhola duhu," salama tu.

Mengine unayajua, uliyaishi. Tuliimba uji, tukaimba dawa, tukaimba kwamba mvua imenyesha Lalago na huku bado. Majirani walisema nyumba ya Mwalimu imegeuka kwaya. Daktari alituambia hutokea, nyimbo zina mahali pake kichwani ambapo ugonjwa haukufika. Mimi nilichojua ni kwamba chelo ilihamia sebuleni, na kwamba miezi yote ile niliyoifukuza nyumbani kwa kumhurumia mgonjwa, nilikuwa nimemfungia mama yangu mlango kwa nje. Hilo halinitoki. Nilidhani kimya ni huruma.

Alipofariki, mvua zikiwa zimeanza, tulimzika Zagayu. Mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu. Nilisoma alikozaliwa, nikasoma watoto wake, nikakunja karatasi nikasema, "Minza." Ukapiga chini ya turubai, maji yanachuruzika pembeni. Baba mkubwa alininong'oneza kwa hasira, ngoma gani hii ya msibani? Lakini tuliporudi kutoka makaburini alinivuta kando, yule mzee asiyeogopa kitu, akaniuliza, "Yule aliyekuwa anaimba ndani ya lile sanduku la mwanao ni nani?" Nikamwambia ni uzi na mti tu. Akatikisa kichwa. "Usinidanganye. Nimemsikia anavuta pumzi."

Mayu, kama yule msichana alivyomwita mtamba, mimi niliita daktari. Niliita kwa miaka, kwa sauti zote nilizokuwa nazo, za upole na za ukali, na wewe ulikuja ulivyo. Leo nakutazama uani, umejifunga kanga ya mama yako, kucha za mkono wa kushoto umezikata mpaka kwenye nyama ili zisigonge nyuzi, na siwezi hata kumkumbuka yule daktari niliyekuwa namwita alikuwa na sura gani.

Juzi uliniomba nikuandikie maneno ya kusomwa siku utakayopiga mara ya kwanza mbele ya watu wa huko. Ulisema waliokupokea chuoni wanapenda mambo hayo, muziki na usomaji pamoja. Nimejaribu. Niliandika kurasa mbili nikazichana, nikaandika nusu nikaichana. Si kwamba nimekuwa mtu asiyependa maneno. Bado nayapenda, ndiyo kazi yangu, na siku moja tutakaa tutengeneze kitu mimi na wewe, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Lakini kwa siku hiyo ya kwanza sina. Wakikuuliza muziki unasema nini, usihangaike kutafuta Kiingereza chake. Wapigie tena.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia kwa mdomo, kila mara najiona nitalisema vibaya. Siku ile ukumbini, noti zilikuambia uende mbele. Sista, uliyemheshimu kuliko mtu yeyote, alikuwa anakwenda mbele. Baba yako alikuwa na maiki. Wewe ulikuwa na miaka ya kuogopa watu wazima, na ulirudi mwanzo. Kama ungefuata karatasi yako jinsi mimi nilivyofuata yangu, nisingemsikia mama yangu, wala siku ile wala siku zilizofuata.

Wabeja, ng'wanone. Wabeja sana, mwanangu.

Baba yako